Mtihani wa Kulalia Tumbo

Hakuna mtoto aliyewahi kunishinda. Naomba hilo lieleweke kabla sijaenda popote. Katika mji wote wa Kisimani, tangu handaki la kwanza lilipochimbwa huku mwezini, fundi wa lile vazi la watoto liitwalo Kocha ni mmoja tu, naye ni mimi, Kondo, na kila mtoto niliyemvalisha ametambaa kabla hajaota jino. Wengine nimewatambaza wakiwa usingizini. Mama zao wakanipigia makofi, nami nikainama kidogo kwa unyenyekevu, ili wapate nafasi ya kupiga tena.

Kwa hiyo siku dada yangu Zawena alipomleta binti yake Chausiku kwenye Gurudumu kwa jaribio la kwanza, nilikuwa nimesimama ndani nimejishika kiuno kama baba wa bwana harusi.

"Mtazame mpwa wangu, Daktari," nikasema. "Mtazame vizuri, maana atapita haraka."

Daktari Nyanjige alikuwa anavuta godoro. Ni mwanamke mwembamba asiyecheka kazini, na nimeshajaribu. Alitandika godoro sakafuni, akamlaza Chausiku juu yake kifudifudi, akarudi nyuma.

Hapo inabidi niseme Gurudumu ni nini, kwa faida ya wale ambao hawajawahi kupata kichefuchefu humo. Ni chumba kikubwa cha mviringo kinachozunguka bila kusimama. Ukiingia, ule mzunguko unakubana sakafuni mpaka unarudishiwa uzito wako wote wa Duniani, wote kabisa, pamoja na ule wa maandazi. Huku mwezini mtu wa kilo sitini anajibeba kama kilo kumi. Anaruka, anaelea kidogo, anajiona kijana. Akiingia Gurudumuni anakumbuka ghafla kwamba ana magoti. Madereva wa mashine za kuchimba barafu hulazimishwa kufanya mazoezi humo kila zamu, mifupa yao isije ikawa laini.

Chausiku, mwenye miezi mitano, aliondoka kama gari. Mkono, goti, mkono, goti. Alivuka godoro, akafika ukingoni, akageuka, akarudi.

"Mmeona?" nikasema.

"Vizuri," Daktari akasema. "Sasa mvueni."

"Tumvue nini?"

"Kocha. Nataka kumwona yeye."

Kocha ni vazi la nyuzi laini linalombana mtoto kuanzia shingoni mpaka vifundoni. Kila uzi hujikunja na kujinyoosha kama msuli. Mtoto akitikisa bega kidogo tu, vazi linahisi, linakadiria alitaka kwenda wapi, linammalizia safari. Wazo lilikuwa kwamba baada ya kumaliziwa safari mara nyingi, mtoto ataanza kusafiri mwenyewe. Ni wazo zuri. Mimi mwenyewe nimelieleza mara nyingi kwa wazazi, nikiwa na kijiti cha kuonyeshea.

Zawena alimvua. Daktari akamlaza tena kifudifudi, na sote tukangoja.

Uso wa Chausiku ulizama godoroni ukakaa hapohapo. Daktari aliinama, akaugeuza upande kwa vidole viwili ili apumue. Mtoto hakulia. Hakukunja hata kidole. Alilitazama shono la godoro kwa utulivu, kama abiria aliyeketi kituoni na tiketi yake mkononi.

"Kachoka," nikasema.

"Hajachoka."

"Basi ana njaa."

"Kondo, anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Kusogezwa."

Daktari alimbonyeza paja, kisha bega, kisha mgongo. "Misuli anayo. Vazi lako limemjenga, tazama mapaja haya. Asichokuwa nacho ni sababu ya kuitumia. Hajawahi kuhitaji kitu mpaka mwisho. Akitaka kidogo, vazi linamaliza."

Zawena hakunitazama. Alimwokota mtoto, akamweka begani. "Mtihani wenyewe lini, Daktari?"

"Kabla ya chombo cha Duniani kuondoka. Una kama wiki sita."

Sheria yenyewe ni fupi. Mtoto aliyezaliwa mwezini hateremshwi Duniani mpaka aonyeshe, bila vazi lolote la kumsaidia, kwamba chini ya uzito wa Dunia anaweza kulalia tumbo, kunyanyua kichwa na kifua, na kujigeuza mwenyewe. Si ukatili. Mtoto asiyeweza kutoa uso wake godoroni, huko chini godoro linaweza kumuua. Akishindwa anangoja chombo kijacho, mwaka mmoja mbele, na kufika wakati huo mifupa inakuwa imeshazoea maisha mepesi, na mara nyingi jibu linabaki lilelile. Hapa Kisimani wako wawili waliobaki hivyo. Sasa ni vijana warefu kama nguzo za taa, wapole, wanaoijua Dunia kwa kuichungulia dirishani.

Mkataba wa Zawena ulikuwa umekwisha. Mumewe, Mbaraka, aliteremka kabla mtoto hajazaliwa. Yuko Kibaha, ameshapaka rangi chumba cha binti yake, na hajawahi kumshika.

*

"Wewe ndiye uliyeniambia anatambaa," Zawena alisema tulipofika chumbani kwake.

"Alikuwa anatambaa."

"Kocha ndiye aliyekuwa anatambaa. Mwanangu alikuwa ndani kama barua kwenye bahasha."

Nilitafuta utani nikaukosa, jambo ambalo kwangu ni kama mtu kukosa mfuko kwenye suruali yake mwenyewe. Chausiku alikuwa kwenye machela yake, iliyoning'inia kutoka darini, akitikiswa taratibu na upepo wa feni. Watoto wote wa Kisimani hulala juu namna hiyo.

"Kondo."

"Naam, dada."

"Unaweza kushona nyuzi zile kwenye fulana ya kawaida? Nyembamba, zisizoonekana?"

"Dada…"

"Nimeuliza unaweza au huwezi."

"Mimi hakuna nisichoweza."

"Basi shona."

Alisema huku akikunja nepi, moja baada ya nyingine, akizipanga vizuri kama mtu anayefunga mzigo wa safari. "Daktari atamvua Kocha, atamwona na fulana yake, hatauliza. Mtoto atanyanyua kichwa, atageuka, tutagongewa muhuri. Tukifika Kibaha nitamfundisha polepole. Baba yake yupo, mama yupo, mashangazi wamejaa. Hapa nina nani? Nina wewe."

"Nashukuru."

"Usichekeshe. Nikishindwa hapa, ama nimwache, ama tubaki wote, na Mbaraka ampende kwa simu mpaka azeeke. Wewe ungefanyaje?"

Nikaenda kutafuta nyuzi. Nilikuwa na sindano.

*

Kazi nzuri haina budi kusifiwa hata kama ni ya uhalifu. Nyuzi nilizipitisha ndani ya upindo wa fulana nyeupe ya mtoto, zikalala pale usizione. Betri ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa mtoto, nikaificha kwenye lebo. Swichi nilikaa nayo mwenyewe. Sasa kifundi, huwezi kukabidhi nguo ya aina hiyo bila kuijaribu, na mimi sikuenea ndani yake. Nikachukua mfuko wa mchele, nikauvalisha fulana, nikaulaza kifudifudi mezani, nikabonyeza.

Mfuko ulinyanyua kifua. Ulikaa hivyo kidogo, kama mtu anayeangalia nani kaingia. Kisha ukajivuta upande, ukapinduka chali, ukatulia. Mchele wangu ulikuwa umefaulu mtihani wa kwenda Duniani.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwita Zawena aje aone.

Alisimama mlangoni akiwa amembeba mtoto. Nikabonyeza. Mchele ukainuka, ukageuka.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Hakucheka. Nami nikaona kicheko changu kinapungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Uzi ukikatika?" akauliza.

"Haukatiki."

"Chaji ikiisha?"

"Utaichaji tena."

"Nimelala mimi, amelala baba yake, chaji ikaisha, naye kalala kifudifudi?"

Mchele ulikuwa bado chali mezani. Mtu yeyote angeona kwamba haukuwa na haja ya kujua kugeuka. Chausiku alikuwa nayo.

Zawena aliivua ile fulana kwenye mfuko, akaikunja, akanipa. "Iweke. Usiitupe."

"Kwa nini nisiitupe?"

"Kwa sababu bado naogopa, Kondo. Iweke tu." Akakaa. "Daktari kasema hana sababu. Tumtafutie sababu."

"Huwa zinakaa wapi?"

Alitazama chini, mimi nikafuata macho yake, na kwa muda sikuelewa alichokuwa anakitazama, kwa sababu hapakuwa na kitu. Palikuwa na sakafu.

Mtu wa Duniani haoni ajabu hapo. Lakini kwetu, mtoto hagusishwi sakafu. Ndilo jambo la kwanza mkunga analosema, kabla hata ya kusema ni wa kike au wa kiume. Miaka ya mwanzo vumbi la mwezi lilikuwa likipenya kwenye milango, na vumbi hilo halikuwahi kupeperushwa na upepo wala kusuguliwa na maji, kwa hiyo chembe zake zina ncha kama vipande vya chupa. Liliwaumiza watoto vifua. Wakina mama wakawatundika watoto juu kwenye machela, wakawapokezana mkono kwa mkono, wakawabeba mgongoni hata Gurudumuni. Baadaye milango ikatengenezwa, vichujio vikafungwa, sakafu zikawa safi kuliko sahani. Vumbi likaisha na katazo likabaki. Na kwa kuwa mtoto wa machela hana pa kujisukumia, ndipo akatengenezwa Kocha.

Chausiku alikuwa ameishi miezi mitano bila kukutana na kitu chochote kilichomkatalia.

*

"Nyie mmechanganyikiwa?"

Huyo ni Mwantumu. Anaendesha mashine kubwa kuliko zote za barafu, ana mabega ya kazi hiyo na sauti ya kuisemesha. Alikuwa akining'inia kwenye chuma cha mazoezi Gurudumuni tulipoingia tukamlaza Chausiku sakafuni juu ya kanga, bila Kocha.

"Mnamwacha mtoto chini kama kiatu?"

"Daktari anajua," Zawena akasema.

"Daktari hakumzaa. Muokote."

"Simuokoti, dada Mwantumu."

"Basi mimi namuokota."

"Ukimgusa," nikasema, "nitautaja umri wako mbele za watu."

Alinitazama kwa namna ambayo ilinifanya nisogee upande wa pili wa dada yangu. Lakini hakumgusa mtoto. Alibaki amening'inia, akitutazama kwa hasira, tayari kushuka.

Siku za mwanzo zilikuwa za kilio. Zawena alianza kwa kulala chali na kumweka mtoto kifuani kwake, tumbo kwa tumbo, amwite jina. Chausiku alikuwa anataka kuuona uso wa mama yake, uso uko pale juu kidogo tu, na hakuna uzi wa kumfikisha. Alikasirika. Alikunja ngumi. Kichwa kilitikisika kikaanguka tena kwenye titi. Wakimaliza, Zawena alimkanda kwa mafuta ya nazi, mabega, mgongo na nyayo, akimnung'unikia maneno ambayo hayakunihusu. Kisha sakafuni tena.

Sakafuni kazi ilikuwa yangu. Nililala kifudifudi mbele yake, pua kwa pua, nikafanya kila nilichojaribu kwa Daktari Nyanjige na zaidi. Nilijaza hewa mashavuni. Niliigiza mbuzi, niliigiza mashine ya barafu iliyokwama, nilimwigiza baba yake anavyoongea na meneja. Chausiku alinitazama kwa jicho moja, lile lisilokuwa kwenye kanga, kwa uvumilivu mkubwa.

"Hata mtoto hacheki," Mwantumu akasema huko juu.

"Anakusanya nguvu za kucheka."

"Anakusanya nguvu za kukukimbia."

Basi siku moja nilikuwa namwigiza mbuzi aliyemeza kifuniko cha sufuria. Ni igizo gumu, lina sehemu tatu. Niliteleza nikagonga kidevu sakafuni, meno yakalia, na Mwantumu akacheka. Kicheko cha Mwantumu hakisimuliki. Kinaanza kama kitu kinachoburutwa, kisha kinapasuka. Madereva wawili walisimamisha mazoezi yao.

Na kichwa cha Chausiku kikanyanyuka.

Chote kikatoka kwenye kanga, kikitikisika kama kikombe kwenye sinia, macho yamepanuka, yakilitafuta hilo dubwasha linalopiga kelele. Kilikaa juu kwa muda wa pumzi moja. Kisha kikashuka, pu.

Zawena alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Cheka tena," nikasema.

"Nicheke nini?" Mwantumu akanong'ona, kitu ambacho sikujua anakiweza.

"Chochote."

"Mcheke Kondo," dada yangu akasema.

"Huyo rahisi."

Akacheka, na kichwa kikapanda.

Wiki mbili za jitihada zangu, sehemu tatu za mbuzi, na mtoto kainuka kwa ajili ya kicheko cha mwanamke aliyening'inia kwenye chuma. Nililikubali hilo kwa moyo mkunjufu na sikuongea na mtu mpaka chakula cha mchana.

Baada ya hapo Gurudumu likabadilika. Mwantumu alishuka kwenye chuma, akalala sakafuni na mwili wake wote, akawaita wenzake. Mkiingia mnakuta madereva wa barafu, watu wazima wenye vyeo, wamelala matumbo duara, videvu chini, katikati yao mtoto mmoja akisikiliza upande upi unacheka. Kila aliyecheka alitafutwa. Chausiku alianza kuegemea viwiko ili aone vizuri, na siku nyingine alisukuma viganja mpaka kifua kikawa hewani, akawatazama madereva mmoja mmoja kama mkaguzi. Wakina mama wengine walikuja kutukemea, wakasimama, wakatazama, na siku iliyofuata mmoja akaja na kanga yake na mtoto wake ndani, bila kusema chochote.

Lakini kugeuka kulimshinda. Alijivuta upande, alirusha mguu, akafika katikati, na hapo mkono wa chini ulibanwa na mwili wake mwenyewe. Alisukuma, akanung'unika, akarudi tumboni. Siku hadi siku, mkono uleule. Daktari Nyanjige alikuja akaona, akasema neno moja, "Anakaribia," akaondoka. Chombo kilikuwa kimeshawasili. Zawena alikuwa ameshafunga mizigo, na Chausiku alikuwa hajageuka hata mara moja.

*

Siku ya mtihani, mbele ya mlango wa Gurudumu, Zawena alisimama.

"Unayo?"

Nilijua anauliza nini. "Ninayo."

"Na swichi?"

"Ninayo."

"Nipe."

Nilitoa fulana mfukoni nikampa, na swichi juu yake. Mimi ni mdogo wake. Amenibeba mgongoni, amenifuta kamasi, amenilipia karo kwa mshahara wake wa kwanza. Sikuwa na haki ya kumfunga mkono. Lakini mdomo wangu haujawahi kujua haki zake.

"Dada, sitakuzuia," nikasema. "Akiivaa atageuka, nakuhakikishia. Ila ukimlaza usiku wa kwanza Kibaha, utakaa unamtazama mpaka asubuhi. Na wa pili. Na wote."

"Na asipoivaa akashindwa?"

"Tutabaki naye hapa tumlaze chini kila siku. Mimi sina safari."

"Wewe ulikuwa umepangiwa likizo."

"Likizo ni ya wachovu."

Chausiku alikuwa ubavuni kwa mama yake, na wakati sisi tunabishana alikuwa anashughulika. Alinyoosha mkono, mkono ule unaobanwaga, akaikosa fulana, akanyoosha tena, akaikamata pindo, akaivuta mpaka mdomoni. Zawena alivuta kwake. Mtoto akavuta kwake. Hapakuwa na uzi wowote uliomsaidia pale, isipokuwa zile nyuzi alizokuwa anazitafuna.

Zawena alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaachia.

"Huyu anataka kuila," akasema. "Hataki kuivaa." Akamwacha aitafune kidogo, akaitoa taratibu, akanirudishia ikiwa imelowa mate. "Twende."

Tukaingia.

Nitawasimulia kama ilivyokuwa, kwa sababu kila kitu nilikiona. Nilisimama karibu kabisa na godoro, mikono kifuani, nimetulia kama maji mtungini. Daktari Nyanjige alimlaza Chausiku kifudifudi, akiwa na nepi tu, uso chini, akarudi nyuma. Mama haruhusiwi kusema. Hakuna anayeruhusiwa kucheka. Palikuwa kimya, na kimya ndicho kitu ambacho hatukumzoeza.

Uso ulikaa godoroni. Ukaendelea kukaa. Mkono wa Daktari ulianza kusogea kwenda kumgeuza, na mkono huo ukimgusa mtihani umekwisha.

Ndipo kichwa kikatoka. Hakuna aliyekiita. Kilitoka chenyewe, uso umekunjamana kwa hasira, kikageuka kushoto, kikageuka kulia, kikitafuta watu wake wako wapi leo. Viwiko vikaingia chini ya kifua. Viganja vikasukuma. Kifua kikainuka kutoka godoroni, na Chausiku binti Mbaraka akaitazama nchi yake kutoka juu.

Akamwona mama yake upande wa kulia. Akataka kwenda huko. Akajivuta, akarusha mguu, akafika katikati, na mkono ukabanwa. Mkono uleule! Akasukuma. Akanung'unika. Akarudi tumboni, akapumzika, shavu chini, na nilidhani ndiyo basi. Kumbe alikuwa anajipanga. Alinyanyuka tena, na safari hii aliukunja ule mkono chini ya kifua kwanza, kama mtu anayekunja mwavuli kabla ya kupita mlangoni. Akarusha mguu. Akajamba, na naomba liingie kwenye kumbukumbu za mtihani. Akafika katikati, akasimama pale ubavuni, akayumba, na hapo uzito, uleule tuliokuwa tunauogopa kwa wiki zote zile, uzito wa Dunia yenyewe, ukamshika ukamvuta upande wa pili.

Pu. Chali. Macho darini, mikono miwili huru hewani, amepigwa na butwaa kwa alichokifanya.

"Amefaulu," Daktari Nyanjige akasema, na nawaapia alicheka. Kidogo, upande mmoja wa mdomo, lakini alicheka. Zawena alikuwa tayari amepiga magoti godoroni.

*

Jioni tulimpigia simu Mbaraka. Chumba kilijaa madereva, wakina mama, na watoto watatu sakafuni. Picha ya Mbaraka ilikuwa ukutani, kubwa, amekaa kwenye chumba alichokipaka rangi, na kwa sababu ya umbali kila analosema huchelewa kidogo kufika, na tunalosema sisi huchelewa kumfikia.

"Nisimulieni," alisema. Sauti yake haikuwa sawa. "Nisimulieni yote. Pole pole."

"Niachieni mimi," nikasema. Nilimpa Zawena mtoto, nikalala sakafuni, nikamwonyesha Mbaraka kila kitu. Kichwa, viwiko, viganja. Nilimwigiza Daktari. Nilibanwa mkono, nikaukunja kama mwavuli, nikajamba kwa mdomo. Nilipopinduka chali chumba kizima kilishangilia, nami nikalala pale nikipokea.

"Shemeji," nikasema huku nikijifuta vumbi ambalo halikuwepo, "wenzangu wote roho zilikuwa juu. Lakini mimi nilisimama pale nikamwangalia mtoto machoni, nikamwambia kwa macho tu, geuka. Akageuka."

"Kondo," Mwantumu akasema.

Alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani.

"Unamwambia shemeji yako ulimwangalia kwa macho yapi? Zawena aliingia peke yake. Wewe ulikaa nje, chini, chini ya kile kidirisha cha mlango, umejifunika shati kichwani. Nani alikuwa amesimama dirishani akikutangazia? Kila nikinyamaza unanivuta suruali. 'Mkono, Mwantumu? Mkono ukoje?'" Aligeukia ukutani, akamsemesha Mbaraka vizuri, kwa heshima. "Na ule mfano wa mwavuli ni wangu, shemeji. Huyu alikuwa analia tu."

Zawena alikuwa ananitazama juu ya kichwa cha mtoto, na sikumbuki tangu utotoni kama amewahi kunitazama vile. Chumba kizima kilikuwa kinaningoja. Kule ukutani Mbaraka alikuwa bado ananishangaa kwa heshima, maneno yalikuwa hayajamfikia. Kisha yakamfikia. Kicheko chake kilitoka Kibaha, kikapita njia yote hiyo, kikanikuta bado natafuta la kusema.